Mtetemo wa Mwili Mzima: Kuhisi, Kukereka, Kuumia na Kutapika Si Jambo Moja

Mtu amelala chumbani, treni inapita kwa mbali, kitanda kinatetema kwa 0.03 m/s². Anaamka, anatega sikio, anaanza kuwaza kama kuta zimepata nyufa. Asubuhi mtu huyohuyo anaingia kwenye gari, anakaa saa mbili juu ya kiti kinachotikisika kwa 0.6 m/s², mara 20 ya ule wa usiku, na akifika hata halitaji. Ukimuuliza ni mtetemo upi mbaya, atautaja wa kitandani. Uti wake wa mgongo ungekuwa na jibu jingine.

Mkanganyiko huu hutokea kwa sababu maswali manne huchanganywa kuwa moja. Je, mtetemo unahisika? Je, unakera? Je, unaweza kuumiza? Je, utatapisha? Kila swali lina masafa yake (idadi ya mitikisiko kwa sekunde), kipimo chake na kikomo chake, na jibu la moja halijibu lingine. Mabishano mengi kati ya madereva na waajiri, au kati ya wakazi na makandarasi, huzuka kwa kuwa kila upande unashika swali lake na kudhani mwenzake anazungumzia hilohilo.

Kinachopimwa hasa

Macho huona umbali ambao kitu kimesogea. Mwili hujali zaidi nguvu inayousukuma, na nguvu hiyo hufuata mchapuko, yaani kiasi ambacho mwendo unabadilika kila sekunde. Ndiyo maana mtetemo hupimwa kwa mita kwa sekunde mraba (m/s²), wala si kwa milimita. Tofauti hii ni kubwa kuliko wengi wanavyodhani. Chukua sakafu inayopanda milimita 1 na kushuka milimita 1 kutoka mahali pake pa kawaida. Ikifanya hivyo mara 1 kwa sekunde (1 Hz), kilele cha mchapuko ni karibu 0.04 m/s². Ikifanya mara 5 kwa sekunde, ni karibu 1 m/s². Ikifanya mara 20, ni karibu 16 m/s², zaidi ya mvutano wa dunia, na chochote ambacho hakikufungwa kitaruka. Milimita ni zilezile. Masafa yakiongezeka mara mbili, mchapuko huongezeka mara nne.

Kwa kuwa mchapuko hupanda na kushuka bila kukoma, kilele kimoja hakielezi safari nzima. Kipimo cha kawaida ni r.m.s.: kila thamani huzidishwa kwa yenyewe, wastani wa majibu yote huchukuliwa, kisha hutafutwa kipeuo cha pili. Kwa mtetemo laini wa mawimbi yanayolingana, r.m.s. ni kilele kugawanya kwa 1.41. Anayelinganisha namba za kilele na za r.m.s. bila kujua ni zipi ameshapotea kabla ya kuanza, na kosa hili limejaa hata kwenye ripoti za kitaalamu.

Mwelekeo nao una uzito wake. Mhimili wa x huenda mbele na nyuma ya kifua, y kushoto na kulia, z kando ya uti wa mgongo. Mihimili hii hufuata mwili, haifuati dunia: aliyelala chali na kurushwa juu na sakafu anatikiswa kwenye x, si kwenye z. Na kipimo huchukuliwa mahali mwili unapogusana na kinachoubeba, yaani juu ya kiti, kwenye egemeo au chini ya miguu. Kupima chasisi ya gari ni kupima gari. Binadamu yuko upande wa pili wa kiti.

Mwili si gunia la mchanga

Chini ya 2 Hz hivi, mtu aliyeketi hupanda na kushuka pamoja na kiti kama kitu kimoja. Masafa yakikaribia 5 Hz, mambo hubadilika. Nyonga huanza kubinuka, uti wa mgongo hupinda na kunyooka, tumbo na viungo vyake husogea kwa kuchelewa nyuma ya mifupa, na mabega hutikisika kuliko kiti chenyewe. Hii ndiyo resonansi, hali ya kitu kutikisika kuzidi msukumo unaokitikisa. Kwa mtu aliyeketi, resonansi kuu ya wima iko kati ya 4 na 6 Hz. Hapo mwili hukisukuma kiti kana kwamba uzito wake umefika karibu mara moja na nusu ya uzito halisi.

Mwili hauna tabia ya chuma, na hili hupuuzwa mno. Mtetemo ukiongezeka, misuli na tishu huwa kama zimelegea, na resonansi hushuka. Katika maabara imeonekana ikitoka karibu 6 Hz kwa mtetemo hafifu na kufika karibu 4 Hz kwa mtetemo mkali. Kwa hiyo kiti kilichopimwa kwa mtikisiko mdogo kinaweza kufanya kazi kwa namna nyingine kabisa kwenye barabara mbovu. Sanamu ya uzito iliyowekwa juu ya kiti badala ya mtu nayo hudanganya kwa sababu hiyohiyo.

Kwa mlalo hesabu ni nyingine. Kiwiliwili kisicho na egemeo huyumba zaidi kwenye 1 hadi 2 Hz hivi. Egemeo la mgongo hukizuia, na kwa masafa hayo ya chini ni msaada mkubwa. Masafa yakipanda, egemeo lilelile hugeuka njia ya kupeleka mtetemo moja kwa moja kwenye kifua na kichwa. Asiyeegemea hupona mtetemo huo lakini huchosha misuli. Hakuna mkao unaoshinda katika masafa yote.

Kwa aliyesimama, magoti ndiyo springi. Akinyoosha miguu wima, resonansi yake iko karibu 5 Hz, sawa na aliyeketi. Akikunja magoti kidogo hushuka hadi karibu 3 Hz, na mitetemo ya juu ya hapo hupungua kabla ya kufika kiunoni. Wasafiri wanaosimama kwenye mabasi hufanya hivi bila kufundishwa.

Ili namba moja iweze kubeba tofauti hizi, kiwango cha kimataifa ISO 2631-1 cha mwaka 1997 hupitisha mchapuko kwenye kichujio cha masafa kabla ya kukokotoa. Kichujio cha wima cha mtu aliyeketi huitwa Wk. Mtetemo wa 5 Hz huuacha karibu kama ulivyo, ukizidishwa kwa 1.04. Wa 1 Hz huuhesabu kwa 0.48, wa 20 Hz kwa 0.64, na wa 80 Hz kwa 0.13 tu. Kichujio cha mlalo, Wd, kina sura tofauti: 1.01 kwenye 1 Hz, kisha hushuka haraka hadi 0.51 kwenye 4 Hz na 0.25 kwenye 8 Hz. Maana yake kwa lugha ya kawaida ni kwamba mwili huchukia kurushwa juu na chini haraka kiasi, na huchukia kusukwasukwa pembeni polepole.

Kuhisi

Mwili una kiungo cha kuonea na kiungo cha kusikia. Cha mtetemo hauna. Unaungaunga habari kutoka sehemu nyingi. Kwenye masafa ya chini sana, mfumo wa mizani ulio katika sikio la ndani huongoza, ukiwa na vijiwe vidogo vinavyohisi mchapuko wa kwenda na kurudi, na mifereji ya nusu duara inayohisi mzunguko. Macho huongeza yake pale taa inapobembea au maji yanapocheza kwenye glasi. Masafa yakipanda, viungo, misuli na tumbo huchukua zamu. Juu zaidi, kwenye makumi na mamia ya Hz, ngozi ndiyo inayoongea kupitia vipokezi vyake vya kina, ambavyo ni vikali zaidi kwenye 200 hadi 300 Hz hivi. Na mara nyingi sikio la kawaida hutangulia wote: vyombo vikigongana kabatini, mtu husema amehisi mtetemo ilhali alichopata ni sauti.

Kizingiti kilichomo katika ISO 2631-1 ni 0.015 m/s², kilele, baada ya kichujio cha Wk. Hapo nusu ya watu wenye afya na walio makini huanza tu kuhisi. Kwa robo iliyo nyepesi zaidi kuhisi, 0.01 inatosha, na kwa robo iliyo nzito inahitajika 0.02 na zaidi. Utafiti wa namna hii una umri: Wajerumani Reiher na Meister walichapisha matokeo yao mwaka 1931 baada ya kuwatikisa watu waliosimama na waliolala, na michoro yao ilitumiwa na wahandisi wa majengo kwa miongo mingi.

Jambo jingine la kuhisi lina faida kubwa kwa mtu wa vitendo. Ili mtu atambue kwamba mtetemo umepungua au umeongezeka, badiliko linapaswa kufika takribani asilimia 10. Anayebadilisha mpira wa injini na kushusha mtetemo wa kiti kutoka 0.50 hadi 0.48 atapata namba nzuri kwenye karatasi, lakini dereva hatatambua lolote, na atakuwa sahihi. Usijenge hoja ya kibiashara juu ya maboresho ambayo makalio hayayapati.

Ndani ya majengo, kizingiti cha kuhisi na kizingiti cha kulalamika karibu vinagusana. Nyumbani mtu hatarajii sakafu isogee, hana namna ya kuizuia, na huogopa kwamba jengo linaharibika. Hofu hiyo ya mwisho kwa kawaida haina msingi, kwa kuwa mtetemo unaopasua plasta ni mkubwa mara nyingi kuliko unaohisika, ila kumwambia mkazi hivyo hakumrudishii usingizi. Kiwango cha Uingereza BS 6472-1 cha mwaka 2008 hutumia kipimo cha dozi, VDV, ambacho tutakieleza hapo chini. Kwa nyumba za kuishi, dozi ya mchana ya 0.2 hadi 0.4 huleta uwezekano mdogo wa malalamiko, 0.4 hadi 0.8 malalamiko yanawezekana, na 0.8 hadi 1.6 yanatarajiwa. Usiku namba hizo hukatwa nusu. Zilinganishe na kikomo cha kazini, ambacho ni 21, uone umbali uliopo kati ya kukosesha usingizi na kuumiza.

Katika maghorofa marefu upepo huleta yumbo la mlalo la chini ya 1 Hz, na wengi huanza kulihisi kwenye karibu 0.05 m/s². Jengo liko salama, ila wakaaji hupata kizunguzungu na woga. Jengo la Taipei 101 limening'iniziwa tufe la chuma la tani 660 kwenye ghorofa za juu ili kupunguza yumbo hilo. Daraja la waenda kwa miguu la Millennium jijini London lilifunguliwa Juni 2000 na kufungwa baada ya siku mbili. Liliyumba pembeni karibu mara 1 kwa sekunde, watembeaji wakarekebisha hatua zao ili wasianguke, na kwa kufanya hivyo wakalisukuma zaidi. Lilifunguliwa tena mwaka 2002 likiwa na vizuia mtikisiko. Binadamu hapo hakuwa mhisi tu, alikuwa pia chanzo.

Kukereka

ISO 2631-1 inatoa ngazi za hisia kwa abiria wa vyombo vya usafiri, kwa r.m.s. iliyochujwa na kujumlisha mihimili yote mitatu. Chini ya 0.315 m/s² hakuna kero. Kati ya 0.315 na 0.63 kuna kero ndogo, 0.5 hadi 1 kero ya wastani, 0.8 hadi 1.6 kero kamili, 1.25 hadi 2.5 kero kubwa, na juu ya 2 kero iliyopita kiasi. Ngazi hizi zinapishana kwa makusudi. Mtetemo wa 0.55 unaweza kuitwa mdogo na mmoja na wa wastani na mwingine, na wote wako ndani ya kiwango. Anayezitumia kama mistari ya kisheria hakuzisoma.

Kero pia hutegemea anachofanya mtu. Kusoma maandishi yaliyoshikwa mkononi, kuandika na kunywa kinywaji huvurugika zaidi karibu na 4 hadi 5 Hz, mahali palepale ambapo mabega na mikono hutikisika kuliko kiti. Kusoma kifaa kilichofungwa ukutani huharibika kwenye masafa ya juu kidogo, pale kichwa na macho vinaposhindwa kutulia juu ya namba. NASA ilikutana na hili katika mpango wa Gemini: roketi ya Titan II ilitikisika kwa urefu wake karibu mara 11 kwa sekunde, na ikalazimu mtikisiko huo ushushwe chini ya robo ya g (mchapuko wa mvutano wa dunia) kabla ya wanaanga kuruhusiwa kupanda. Rubani anayeshindwa kusoma paneli yake hana maana ya kuambiwa kwamba mgongo wake utapona.

Muda nao umezua hadithi ndefu. Toleo la kwanza la ISO 2631, la mwaka 1974, lilikuwa na mistari iliyoonyesha ni baada ya dakika au saa ngapi uchovu ungeshusha ufanisi wa kazi kwa kila kiwango cha mtetemo. Mistari ilikuwa nadhifu na ikapendwa sana. Tatizo ni kwamba ushahidi wa uchovu kufuata saa kwa namna hiyo haukuwepo, na toleo la 1997 liliiondoa. Bado utakutana na nyaraka zinazoinukuu. Ukiona mchoro wenye mstari wa saa 8, saa 4, saa 1 na dakika 16 ukiitwa mpaka wa uchovu, jua umetoka huko.

Kuumia

Madereva wa trekta, foklifti, tipa za machimbo, buldoza na helikopta hupata maumivu ya kiuno zaidi ya watu wasiotikiswa. Uhusiano huo umeonekana mara kwa mara. Kinachobaki kigumu ni kuutenga mtetemo na wenzake: kukaa saa nyingi bila kubadili mkao, kugeuza shingo kutazama nyuma, kuruka kutoka kwenye kibanda cha mashine, kubeba mizigo baada ya kuendesha. Hakuna picha ya eksirei inayoweza kuonyesha kwamba diski hii imeharibiwa na kiti. Kwa hiyo vikomo vya kisheria ni vya tahadhari na usimamizi. Havitenganishi waliopona na walioumia.

Vikomo vinavyotumika zaidi ni vya Agizo la Umoja wa Ulaya 2002/44/EC. Kuna thamani ya kuchukua hatua, 0.5 m/s², na thamani isiyoruhusiwa kuvukwa, 1.15 m/s². Zote mbili huhesabiwa kama A(8), yaani mfichuo, kiasi ambacho mtu ametikiswa, uliolinganishwa na siku ya kazi ya saa 8. Nchi inaweza kuchagua kutumia VDV badala yake, na hapo namba huwa 9.1 na 21.

Kukokotoa A(8) si kugumu. Pima mchapuko uliochujwa kwa kila mhimili. Zidisha x na y kwa 1.4, kwa kuwa aliyeketi huathirika zaidi na mlalo. Chukua mhimili ulio mkubwa kuliko yote, usijumlishe. Gawanya saa za kutikiswa kwa 8, tafuta kipeuo cha pili, zidisha. Dereva mwenye 0.7 m/s² kwa saa 4 ana A(8) ya karibu 0.5, amefika kwenye thamani ya hatua. Kwa 1.0 m/s² angefika hapo ndani ya saa 2, na kwa 1.5 m/s² ndani ya dakika 53. Mtetemo ukipanda mara mbili, muda unaoruhusiwa hushuka hadi robo.

Saa za kutikiswa ni saa ambazo mashine inasogea na mtu amekaa. Foleni, kusubiri kupakiwa na injini kuunguruma papo hapo karibu havihesabiki. Watu hukadiria juu sana hapa, wakitaja zamu nzima ya saa 9 ilhali mashine imesogea saa 5. Njia nzuri ni kusoma kumbukumbu ya mashine au kukaa na saa mkononi siku kadhaa.

A(8) ina udhaifu mmoja mkubwa: hupoozesha mishtuko. Shimo moja kubwa linalomrusha dereva hadi akigonge kiti upya huzama ndani ya wastani wa saa nyingi. Hapo ndipo VDV inapofaa. Badala ya mraba, hupandisha mchapuko hadi kipeo cha nne, hujumlisha kwa muda wote, kisha hutafuta kipeuo cha nne, na kitengo chake ni m/s kwa kipeo 1.75. Kilele kikubwa hakiwezi kujificha. ISO inashauri kuongeza vipimo vya aina hii pale kilele kinapozidi r.m.s. kwa zaidi ya mara 9, na wengi wenye uzoefu huanza kuvitumia mapema zaidi ya hapo.

Kwa mtetemo usio na mishtuko, VDV hukadiriwa kwa kuzidisha 1.4, r.m.s. na kipeuo cha nne cha sekunde. Weka 0.5 m/s² na sekunde 28,800 za saa 8, utapata 9.1. Weka 1.15, utapata 21. Namba za sheria zimetoka hapo, kwa hiyo kwa siku nzima ya mtetemo laini vipimo viwili vinakubaliana. Sasa chukua nusu saa ya 2 m/s². A(8) ni 0.5 tu, thamani ya hatua. VDV ni 18.2, karibu na mwisho wa kuruhusiwa. Kazi ni ileile, siku ni ileile, na vipimo viwili halali vimetoa hukumu mbili. Penye kazi fupi na kali, sisi tungeiamini VDV.

Kutapika

Kichefuchefu cha safari kiko pembeni kabisa ya mengine. Hutokana na mwendo wa polepole, 0.1 hadi 0.5 Hz, na mbaya zaidi ni karibu 0.2 Hz, yaani wimbi moja kila sekunde 5. Kina kichujio chake, Wf, na dozi yake ni r.m.s. iliyochujwa mara kipeuo cha pili cha sekunde. Kwa mwendo wa wima kama wa meli, ISO hukadiria asilimia ya watakaotapika kuwa theluthi ya dozi hiyo, kwa watu wazima wa jinsia zote ambao hawajazoea. Meli inayopanda na kushuka kwa 0.5 m/s², baada ya kuchujwa, kwa saa 2 ina dozi ya karibu 42, na hivyo karibu asilimia 14 ya abiria watatapika. Hesabu hii hufanya kazi kati ya dakika 20 na saa 6 hivi. Mbele zaidi ya hapo mwili huanza kuzoea.

Kwenye gari wima si tatizo kuu. Kinachotapisha ni kufunga breki, kuongeza mwendo na kukata kona, yote ya mlalo na ya polepole, huku macho yakitazama kitabu kilichotulia. Ndiyo maana kulainisha springi za gari hakumsaidii abiria mwenye kichefuchefu, na wakati mwingine humzidishia. Dereva mpole husaidia kuliko springi laini.

Kiti, upepo na mwendo

Sponji nene huaminiwa kuwa tiba. Kiti cha sponji na mtu juu yake kwa kawaida huwa na resonansi karibu na 4 Hz, na hapo mtetemo unaofika kwenye makalio unaweza kukaribia mara mbili ya ule wa sakafu. Huo ni ukanda ambao mwili unauchukia zaidi. Juu ya hapo sponji husaidia kweli. Ubora wa kiti hupimwa kwa uwiano wa SEAT: mtetemo uliochujwa juu ya kiti kugawanya kwa ule wa sakafuni, mara 100. Chini ya 100 kiti kinapunguza, juu ya 100 kinaongeza. Kiti kimoja kinaweza kuwa na 80 kwenye lori na 120 kwenye mashine nyingine, kwa sababu masafa ya sakafu ni mengine.

Kiti chenye springi na shokomzoba huanza kupunguza pale masafa ya sakafu yanapozidi mara 1.41 ya masafa yake yenyewe. Kikiwa na 1.4 Hz, hupunguza kuanzia karibu 2 Hz. Trekta kubwa hurukaruka kwenye 2 hadi 3 Hz hivi, kwa hiyo ukingo ni mwembamba, na kiti kigumu kidogo tu kitakuwa kinakuza badala ya kupunguza. Kosa la kila siku ni kutorekebisha uzito. Springi ikikazwa kwa dereva wa kilo 110 na akakalia wa kilo 65, kiti kinakuwa juu na kigumu. Ikilegezwa kinyume chake, kiti hukaa chini na kugonga kizuizi cha mwisho kila shimo, na pigo hilo ni kali kuliko pigo la sakafu lenyewe. Dereva akae, aangalie kiti kiko katikati ya safari yake ya juu na chini, ndipo aanze kazi. Zamu ikibadilika, irudiwe. Na kiti cha namna hii hakifanyi lolote kwa mlalo, isipokuwa kimetengenezewa njia ya kusogea upande huo.

Kabla ya kununua kiti, angalia njia na mwendo. Kujaza mashimo kwenye barabara ya mgodi na kushusha mwendo kwenye sehemu mbovu hupunguza mtetemo kwenye chanzo, kwa kila mashine na kila dereva kwa wakati mmoja. Upepo wa matairi ulioongezwa kupita kiasi huyafanya magumu, na foklifti yenye magurudumu ya mpira mgumu bila springi hupeleka kila kiungo cha sakafu moja kwa moja kwenye kiti. Huko hata maungio ya zege yakizibwa vizuri, tofauti huonekana siku hiyohiyo.

Ukipima, tumia kitambuzi kilichowekwa ndani ya pedi bapa ya mpira, kipenyo cha karibu milimita 250 na unene usiozidi milimita 12, chini ya mifupa ya makalio. Weka kingine sakafuni chini ya kiti, vinginevyo hutajua kama lawama ni ya kiti au ya gari. Rekodi angalau dakika 20 za kazi halisi kwa kila aina ya kazi. Kisha tazama mchoro wa ishara kwa macho kabla ya kukokotoa: dereva akiinuka na kujitupa tena kitini, pedi huandika kilele kikubwa ambacho si mtetemo wa mashine, na kwa sababu ya kipeo cha nne, kukaa mara moja kwa kishindo kunaweza kuiharibu VDV ya zamu nzima. Kata vipande hivyo.

Namba zote za afya hapa zilitungwa kwa mtu mwenye afya ya kawaida aliyeketi. Mjamzito, aliyepasuliwa mgongo, mwenye maumivu ya kiuno ya muda mrefu na kijana ambaye mifupa yake bado inakua hawamo katika ahadi hiyo. Kuwa chini ya 0.5 hakuwatoshi. Wanahitaji daktari wa kazi anayeijua mashine yenyewe, na mara nyingi kazi nyingine mpaka waonwe.